Mdhamini wa Tatu Asiwe Jamaa

Jumatano, Julai 1996. Baada ya magharibi.

Mvua imekuwa ikinya na kuacha tangu asubuhi, kama mtu asiyejua anataka nini. Mimi ni mzima, mzuri kama kawaida yangu, na leo nimefanya kazi ya maana kuliko wote nyumbani humu. Naandika mwenyewe kwa sababu wao hawatasema.

Dada yangu Zuena amemaliza chuo cha uuguzi na anatafuta kazi yake ya kwanza. Kuna hospitali ndogo Ganjoni inataka muuguzi mmoja. Mmoja tu. Mwisho wa kupeleka maombi ni kesho saa sita mchana. Akiikosa hiyo, iliyobaki ni ya Garissa, mbali huko bara, na mama akisikia tu neno Garissa huinua ncha ya leso akafuta macho.

Mimi silii. Ila nani atanipigia pasi mashati?

Basi mwandishi wa sivii, ile karatasi ya wasifu wake, ni mimi. Mwenye taipureta mtaani ni mjomba, na anayejua kuibonyeza ni miye. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, hatujakubaliana bado. Lakini kwa vidole viwili nawashinda makarani wenye kumi.

Nilimwanzia vizuri. Mahali pa uzoefu nikaandika kwamba amewahi kuongoza wodi nzima peke yake. Kumbe amesimama nyuma yangu anasoma.

"Wodi gani hiyo?"

"Yoyote. Chagua."

"Futa, Abdu. Nilikuwa mwanafunzi. Andika nilikuwa mwanafunzi."

"Mwanafunzi nani atampa kazi?"

"Na mwongo akipewa, atamdunga mtu sindano isiyo yake. Futa weye!"

Karatasi ile ikaenda kufungia bajia. Nikaanza upya, nikaandika ukweli mtupu, na ukweli haukujaza hata ukurasa.

Tukafika kwa wadhamini. Tangazo linataka watatu, na kwa herufi nzito limesema wasiwe jamaa wa mwombaji. Wawili alikuwa nao: mwalimu wake wa chuo na sista mkuu wa wodi aliyojifunzia. Wa tatu awe mtu wa heshima wa mtaani kwake.

Asiye jamaa. Mji wa Kale huu!

Aliyetunga sharti hilo hajawahi kulala huku hata siku moja. Imamu ni binamu yake mama. Mwalimu mkuu kamwoa shangazi. Kila nikitaja mtu, mama kule jikoni anaufuata ukoo wake mpaka unatufikia. "Huyo? Huyo ni wetu!" anasema kwa furaha kabisa, na mimi namfuta.

Nikamtaja Bi Salma, mkunga mstaafu wa nyumba ya tatu. Hana damu na sisi hata tone. Nikajipiga kifua.

Zuena akatikisa kichwa. Alipozaliwa, mama alishikwa na homa kali, na Bi Salma ndiye aliyemnyonyesha pamoja na mwanawe.

"Ni mama yangu wa kunyonya huyo. Mwanawe hata kunioa hawezi. Vipi niseme si jamaa?"

"Ganjoni watajuaje?"

"Mimi najua."

Mama akainua leso.

Ndipo Zuena akasema taratibu, "Yupo Mzee Gulamali."

Nikajifanya sikusikia.

Mzee Gulamali ana duka Ndia Kuu, hapa hapa mtaani, anauza misumari, bawaba na rangi. Wazee wake walitoka Bara Hindi, wetu hawakutoka huko. Hatujaoana nao wala hatujanyonyeshana. Mwaka jana alilazwa kwa kidonda cha mguu, ugonjwa wa sukari ule, na Zuena ndiye aliyekuwa akimfunga bendeji. Mdhamini safi.

Shida ni mimi.

Mimi ndiye bingwa wa kumwiga. Jioni barazani vijana hukusanyika niwaonyeshe anavyopandisha miwani kwenye paji la uso, kisha akaitafuta duka zima akigombeza kila mtu. Hakuna anayenifikia Mombasa nzima. Juzi juzi nilikuwa katikati ya mchezo, wenzangu wakaacha kucheka ghafla. Kugeuka, mzee yuko nyuma yangu. Tangu siku hiyo napita vichochoroni.

"Nenda mwenyewe," nikamwambia Zuena.

"Mgonjwa wangu nimwombe anisifu? Aibu hiyo. Nenda weye, bingwa."

Nikaenda, sivii chini ya shati. Konokono alinipita njiani.

Dukani mlikuwa na wateja wawili. Nikaamkia shikamoo yenye adabu zote.

"Marahaba. Si ndiye wewe mwigizaji?"

Nikamweleza habari ya dada, ya Ganjoni na ya kesho saa sita. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Niige kwanza."

"Mzee?"

"Wenzako wameona bure. Mimi mwenye sura sijaona vizuri. Haya!"

Mimi haya siijui, lakini leo ilinijua. Nikaifikiria Garissa. Nikapandisha miwani nisiyokuwa nayo, nikaitafuta nyuma ya makopo ya rangi, chini ya mizani, nikamgombeza mteja mmoja kwa kuikalia. Wateja wakabana midomo. Mzee akanitazama vidole.

"Mimi napandisha kwa gumba," akasema. "Wewe umetumia kidole. Rudia."

Nikarudia. Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaomba karatasi aisome, na akaanza kuitafuta miwani. Kwenye droo. Mifukoni. Hakuna aliyethubutu kusema.

"Iko kichwani, Mzee," nikamwambia.

Akaishusha, akasoma sivii yote, ile fupi ya ukweli.

"Dadako alinitia mkono mfukoni pale wodini akatoa haluwa niliyoificha. Mbele ya wanangu! Nilimnunia. Lakini mguu ninao mpaka leo." Akaupiga kofi mguu wenyewe. "Weka jina langu. Wakiniuliza nitawaambia hayo hayo."

Nimerudi mbio. Nimechapa jina lake bila kosa hata moja, kwa vidole vyangu viwili. Zuena ameusoma mstari huo wa mwisho, amechukua shati langu akapiga pasi.

Mama ndiye tatizo. Kwa furaha ametangaza kwamba kuanzia leo Gulamali ni kaka yake wa hiari, na anataka kumpelekea biriani usiku huu huu. Nimesimama mlangoni nikamzuia.

Sivii imo ndani ya mfuko wa nailoni, mvua ikitaka na inye. Kesho asubuhi nitampeleka Zuena mpaka Ganjoni kwa mguu, niione ikipokewa. Hadi saa sita mchana, Mzee Gulamali si jamaa yetu.

Ikishapita saa sita, shauri ya mama.