Trekta la Baba Limewaka

Mziwanda wetu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo, ila mgongo wangu ndio unalalamika, maana lile trekta la baba lililokufa miaka mingi, nimelitengeneza na limewaka!

Usicheke. Najua mimi ndiye niliyepachika mlango wa choo ukawa unafungukia ukutani. Lakini mfuko ukiwa mtupu, akili hujituma. Tangi la mafuta nimelitoa kutu kwa kokoto na maji ya sabuni, nikalitikisa kama mtoto anayekataa kulala. Gasketi ya kuzuia oili isivuje nimeikata kwenye boksi la viatu. Rangi ni ile iliyobaki ya geti, na shemeji yako ananicheka: "Baba watoto, wageni watalipigia hodi."

Lilipounguruma, baba akatoka na mkongojo wake. Tangu augue kumbukumbu zinamchenga, lakini mlio ule aliujua. Akanishika bega, machozi yanamlenga.

"Ahsante, Mziwanda wangu. Nilijua ni wewe tu utakayeliweza. Kaka yako angeliharibu kabisa."

Wewe! Wewe usiyejua hata oili inamiminwa wapi! Nikaona wivu. Nilitaka kumsahihisha, lakini alikuwa anacheka, na kicheko chake tulikwisha kukisahau. Nikaitika, "Naam, baba."

Basi tangu siku hiyo mimi ndiye Mziwanda. Anakula vizuri, ananitania, ananisimulia mambo ambayo mimi kama mimi sikuwahi kusimuliwa. Njoo, mdogo wangu, ulichukue jina lako kabla sijalizoea.

Ni mimi,
kaka yako