Mshipi wa Remei

Kwa dada yangu Tecla, huko Perpinyà.

Salamu nyingi, dada. Natumaini barua inakukuta mzima, wewe na shemeji Florenci na wajukuu. Mimi huku ni mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo wa mwashi hauulizwi hali. Lozi tumeshazichuma. Kaburi la mke wangu Dolors nililisafisha Jumapili, na maua uliyoniagiza nimeyaweka.

Unajua mimi si mtu wa kalamu. Shule niliacha mapema nikaenda kubeba matofali na baba. Lakini simu hupokei, na ujumbe unanijibu kwa maneno mawili, goti linauma. Basi nimekaa mezani. Umesema na mwaka huu hutakuja sikukuu ya mji. Huu utakuwa wa tatu. Nataka uje. Nakwambia mapema ili usitafute sababu ya barua. Ila kwanza soma habari za Remei, halafu uamue.

Remei unamkumbuka, yule dereva wa lori la taka. Mlilala naye wodi moja kule Barcelona, miaka tisa sasa, mkakatwa tumbo wiki moja ili mpungue unene. Anasema mlikuwa mnagonganisha vikombe vya mchuzi na kucheka mpaka nesi akawafokea, kwa sababu nyuzi za mshono zilikuwa bado mbichi. Kila nikikutana naye anakuulizia. Anasema alikuandikia, hukujibu.

Alivyopungua uliona mwenyewe. Mwoka mikate alikuwa anawaonyesha wateja, yule pale anapita, kama sanamu ya mtakatifu inayotembezwa mitaani siku ya sikukuu. Zamani kwenye mnara wetu wa watu, tunaopandana mabegani siku za sikukuu, Remei alikuwa katika lile kundi la chini, wanaosukumana kifua kwa mgongo ili mnara usimame. Alipopungua wakampandisha. Akawa anasimama juu ya mabega yangu, miguu mitupu, na juu yake wengine, mpaka kile kitoto cha juu kabisa kinachonyanyua mkono. Nimembeba miaka sita. Mtu ukimbeba miaka sita unamjua kuliko padri wake.

Kwa hiyo mimi nilijua kabla ya watu. Kilo zilirudi kidogo kidogo, kama mfuko wa saruji uliowekwa penye unyevu. Kwa macho ni ule ule, ukiuinua unajiuliza huu vipi. Kumwambia mwanamke amenenepa si kazi yangu, na mabega ni yangu.

Halafu kukawa na jambo la mshipi. Wewe umeondoka siku nyingi, lakini hili huwezi kuwa umesahau. Mshipi wetu, ule wa kitambaa kirefu cha kiunoni, mtu hajifungi mwenyewe. Mwenzio anashika ncha, anavuta kwa nguvu zote, na wewe unazunguka unajiviringisha humo mpaka umfikie. Mshipi huo unakaza mgongo, na anayepanda juu yako anakanyaga hapo kama ngazi. Sasa Remei akawa anakuja mazoezini ameshafunga, toka nyumbani. Tulidhani anatoka kazini ana haraka. Kumbe alikuwa anafunga ncha kwenye kitasa cha mlango wa jikoni na kuzunguka peke yake. Anayeshika ncha ndiye anayeona mwili umeongezeka na mizunguko imepungua, na yeye hakutaka aone mtu.

Mwezi wa tano, mazoezini, mnara ukaanguka. Binti wa mwoka mikate alikuwa anapanda, akakanyaga mshipi wa Remei, mshipi ukalegea kama soksi. Wote chini. Tuliangukia watu, hilo kundi la chini kazi yake ndiyo hiyo. Binti alipasuka mdomo. Mimi nilipata mtu mzima shingoni.

Basi wakanigeukia mimi. Ventura kinyozi akasema Magí mabega yake yamekuwa siagi. Mwingine akasema ni bora mzee nikamalizie kile choo changu nilichoanza kujenga enzi za babu, minara niwaachie wenye mifupa. Nilijisemea basi na iwe hivyo. Mimi ni mjane wa miaka sitini na mbili, nikikaa kwenye benchi nani atalia.

Remei alikuwa amekaa sakafuni anajishika nyonga. Akasimama. Akasema acheni kumsema Magí, aliyeangusha ni mimi. Nimerudisha kilo thelathini na moja. Hiyo namba aliitaja kama mtu anayetaja bei sokoni, hakushusha sauti. Akasema na mshipi nimejifungia kwenye mlango ili msijue, ndiyo maana umelegea, na mtoto wa watu amepasuka mdomo kwa sababu yangu.

Ventura naye, unamjua, mdomo unamwasha. Akasema wale madaktari walimkata tumbo wakasahau ulimi. Wachache wakacheka puani. Remei akamwambia wangeukata wa kwako, Ventura, mji huu ungepata usingizi. Hapo wakacheka wote, hata Ventura mwenyewe.

Lakini yeye hakucheka. Alikuwa anaufungua mshipi. Akaukunja, akampa Queralt, yule binti ambaye ndiye kiongozi wetu siku hizi, akaenda kuchukua viatu vyake. Kwetu hiyo ni kuaga. Nilimwona binti wa mwoka mikate ameshika kitambaa mdomoni, anamwangalia.

Queralt ni mdogo lakini hana mchezo. Akasema dada Remei, nani kakufukuza? Akasema mnara haukuangushwa na kilo, umeangushwa na kitasa cha mlango. Kilo tunazipangia mahali, hiyo ndiyo kazi yangu. Kitu nisichokijua nitakipangia wapi? Kisha akaukunjua mshipi, akamwita Ventura, wewe mwenye mdomo, njoo ushike ncha.

Ventura akashika, akavuta mpaka uso ukawa mwekundu. Remei alisimama kidogo na viatu mkononi. Halafu akaviweka chini, akaanza kuzunguka. Polepole, mbele ya watu wote. Kila mtu aliona mshipi unavyoisha mapema. Hakuinamisha macho. Dada, nimeona wanaume wakianguka kutoka orofa ya tatu na kuinuka wakipangusa suruali. Sijaona moyo kama ule.

Baadaye nilimsindikiza kwake, akanieleza. Anasema miaka ya mwanzo njaa ilikuwa imelala, sahani ya mtoto ilimtosha. Kisha mama yake akaugua, akakesha naye miezi, na biskuti mkononi. Anasema sahani ya nyama bado haiwezi, akila nyingi inamkaba. Lakini biskuti inalowa, inateleza, tumbo halina habari. Na kabla hujajua, ile njaa imeamka. Kliniki aliacha kwenda kwa kuogopa mizani. Anasema kilichomuumiza si kilo zenyewe, ni zile sifa. Watu walimpa sifa nyingi, wanawake walikuwa wanamsimamisha barabarani wamuulize siri, na kilo ziliporudi alijiona kama mwizi aliyezila sifa za watu.

Alirudi kliniki wiki ile ile. Niliendesha gari mimi, alisema siku hiyo usukani hauwezi, mtu anayeendesha lori. Alidhani atafokewa. Daktari alimwambia inatokea kwa wengi, wengi sana, na kwamba huu ni ugonjwa, unapungua, unarudi, unatibiwa tena. Alivyonieleza nilielewa haraka. Ni unyevu ukutani. Hupaki rangi mara moja ukaenda zako, na unyevu ukirudi hutukani ukuta. Sasa ana sindano ya kila wiki, na Jumanne anakwenda Reus kukaa na wenzake waliopitia hayo hayo. Anasema humo ndani watu wanacheka sana, hakutegemea. Kilo zimetoka sita. Zaidi ya hapo daktari hakumwahidi kitu. Nilimuuliza zikigoma hapo je? Akasema zikigoma, sukari imeshashuka, na ngazi za kwangu napanda bila kupumzika. Tutakuwa tumegoma sote, mimi na kilo, akasema, ila sijifichi tena.

Na kwenye mnara Queralt amempa mahali pangu, chini kabisa, pa kubeba wengine mabegani. Mimi niko nyuma yake, nimembana mgongo kwa kifua. Nilimwachia kwa hiari, tena kwa raha. Anasimama kama nguzo ya daraja. Ventura anamwita bibi saruji, na yeye anamwita Ventura redio.

Sasa dada, nisikilize.

Goti si goti. Krismasi ulituma picha, ni uso na ukosi wa koti. Ubatizo wa mjukuu, watoto wawili umewasimamisha mbele yako kama ukuta. Mimi ni mwashi, ukuta uliojengwa kuficha ufa naujua. Remei hakuniambia, yeye hajui. Nimejua mwenyewe, na nimejua siku nyingi.

Na kuna hili, sijawahi kukwambia. Dolors alipokufa hukuja kumzika. Ulisema goti. Nilisimama pale kaburini naangalia njia mpaka padri akaniuliza tuendelee? Nilikukasirikia mwaka mzima. Nilikuwa nasema dada yangu ana moyo wa jiwe, alimpenda wifi yake akiwa hai tu. Siku ile Remei alipokuwa anazunguka na mshipi wake ndipo nikaelewa. Hukuwa unamkimbia Dolors. Ulikuwa unaogopa mji mzima umesimama pale, na wewe upite katikati.

Hasira imekwisha, dada. Imekwisha kweli. Dolors mwenyewe asingejali ungekuja na kilo ngapi, angekukaripia tu umechelewa.

Njoo na zote. Nyumba nimeijenga mimi, sakafu haitalalamika. Ventura atasema kitu, lazima aseme, na wewe ulikuwa unamjibu vizuri kuliko sote. Ukitaka kliniki, gari ipo. Ukitaka Jumanne ukakae na Remei na wale wanaocheka, gari ipo. Ukitaka kukaa jikoni tu tunywe kahawa usitoke nje, mlango nitafunga. Lakini ndani ya nyumba hii, siyo huko peke yako.

Msalimie shemeji Florenci, mwambie deni la pipa la divai silidai mwaka huu. Wabusu wajukuu. Remei anakusalimu, na Queralt, na paka wa Dolors ambaye bado yupo na bado hanipendi. Mungu akulinde, tuombeane uzima.

Treni ya Ijumaa inaingia saa kumi jioni. Nitakuwa stesheni. Usiposhuka, napanda mimi ile inayokwenda kwenu.

Ni mimi mdogo wako,
Magí