Moto wa Jikoni Kwetu Msimbu

Dada Zuhura,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kuongea nawe bila kukuamkia.

Baada ya arobaini yako nilianza kupotewa na sauti. Hayakuwa mafua. Mkuu wangu wa kazi hapa Kibaha akiuliza tu, "Nani kaacha faili hili nje?" koo linafunga, hata kama si mimi niliyeliacha. Daktari akanimulika kooni, hakuona kitu, akanielekeza kwa mwanasaikolojia, mama mmoja mpole. Niliona aibu, nikidhani kule wanakwenda waliochanganyikiwa. Nikaenda hivyo hivyo, kila Jumatano mchana, miezi saba.

Hakunipa dawa. Alitaka nimweleze chochote kinachonijia, hata cha kipuuzi, na ndoto zangu pia. Nikamwambia ninaota mdomo umejaa majivu ya moto, na wewe umesimama mbele yangu unangoja niseme. Akasema akili huweza kufukia jambo lisilobebeka, mwenyewe ukaapa halipo, kumbe liko chini linaendelea kukuendesha.

Siku moja nikamsimulia kichekesho chetu, jinsi ulivyounguza jiko la makuti kwa kuchoma korosho. Unakumbuka nilivyokisimulia kwenye kila harusi? "Muulizeni dada yangu, yeye akipika anapika na jiko lenyewe!" Watu wanacheka, na wewe unacheka nao huku unatengeneza mtandio wako.

Yule mama hakucheka. Akauliza, "Zile korosho zilishikaje moto?" Nikaeleza: maganda yanatoa mafuta, yanachuruzika kwenye bati, moto unaruka, joto linakupiga usoni. Akauliza taratibu, "Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya bati, Dada. Kijiti cha kugeuzia kilikuwa mkononi mwangu.

Wewe ulikuwa kisimani. Ulikuja mbio na ndoo, ukaniburuta nje, ukarudi ndani kuokoa mpunga uliokuwa darini. Ndiyo maana baba aliporudi kutoka shambani alikukuta wewe na masizi hadi viwikoni, na chakula chetu cha mwaka mzima kinateketea. Akauliza, "Nani?" Nilikuwa na miaka tisa. Nikasema, "Dada." Ukanitazama. Ukafungua mdomo, kisha ukaufunga.

Alikuchapa, halafu akasema shule basi, utalima mpaka ule mpunga urudi. Ulikuwa darasa la saba, unasubiri mtihani. Mwalimu wako alikuja mara mbili kukuombea, baba akakataa. Madaftari yako niliyarithi mimi. Niliandikia kurasa ulizobakiza.

Nilisahau kweli, naapa. Lakini hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nilikutwisha kosa langu, kisha nikaligeuza utani, nawe ukavumilia vyote viwili miaka thelathini. Kwa nini hukuniambia hata mara moja, "Mwanaidi, acha"?

Yule mama ananiambia mtoto aliogopa fimbo, asihukumiwe kama mkubwa. Kwa mtoto nakubali. Na yule mtu mzima aliyeshika kipaza sauti harusini, asiyejiuliza kwa nini dada yake huinamisha macho?

Nikaenda Msimbu kwa baba. Siku hizi haoni vizuri. Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Kisha akasema, "Umeniambia leo. Sasa mimi radhi nikamwombe nani?"

Nilidhani nakwenda kusema ukweli nipumue, kumbe nimekwenda kumvunja mzee.

Akaomba tumpeleke kaburini kwako. Nilimshika mkono huu, binti yako Rehema akamshika ule, hajui kinachoendelea. Baba akasoma Fatiha, kisha akasema, "Zuhura, mwanangu, kumbe hukuwa wewe," akashindwa kuendelea. Rehema akageuka. "Hakuwa yeye nini, Mama mdogo?" Nikamwambia palepale, bila kupunguza neno.

Hakunitukana. Alisema tu, "Mama alikuwa akijifunza hesabu kwenye madaftari yangu, nilipokuwa bado nasoma shule." Akamshika babu yake, wakaondoka, wakaniacha pale na wewe.

Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Ninampigia kila Ijumaa, inaita mpaka inakatika. Simlaumu. Nitaendelea kupiga.

Pumzika, Dada. Sikuombi chochote, nimechukua kwako vya kutosha.

Mdogo wako,
Mwanaidi