Mkono Kwenye Ngazi za Kasri

Kitengela,
27 Septemba 2025.
Asubuhi upepo baridi na vumbi la machimbo. Jua limetoka saa nne.

Kwa Mama mpendwa,

Mulembe. Natumaini wewe na wote wa Kimilili mu wazima, na kwamba magoti yamepunguza kelele. Sisi tuko salama, isipokuwa mjukuu wako Sydney ana mafua. Nakuandikia kwa sababu juzi kwenye simu ulisikia "harusi" nilipokuwa nasema "safari", na mke wa kaka Hillary, Adero, akaanza kupanga nguo.

Safari ni hii. Njia ya kwenda Kajiado kuna kasri la mawe alilolijenga mzungu mmoja zamani, lenye mnara na bustani za maua ambazo watu wanakuja kuzitazama toka Nairobi. Nataka uje Sikukuu ya Mashujaa. Mimi nimeolewa miaka kumi na moja, na hujawahi kuona hata pazia langu. Najua sababu ni Lazarus. Mama mkwe halali kwa mkwe wake, hali naye, wala hampiti njiani. Sikuombi uvunje hilo. Nimelipanga.

Utalala kwa jirani yangu Wayua, ambaye ni mjane kama wewe. Utapanda gari la Kyule, dereva wa mtaa wetu, pamoja nami. Lazarus na watoto watatangulia na gari letu. Asubuhi sisi tutakuwa ndani ya kasri na yeye bustanini. Kila upande utakula chini ya miti yake. Baada ya chakula tunabadilishana. Utayaona maua na hutauona uso wake.

Binti yako,
Nasike


Kimilili,
5 Oktoba 2025.

Kwa binti yangu Nasike,

Mulembe sana. Barua yako ililetwa na kijana wa basi ikiwa imekaa na samaki wa mtu, lakini nimeisoma. Magoti ni yale yale. Mahindi tumevuna, mvua haijatusumbua.

Nimecheka mpaka Adero akaja kuuliza. Watu wengine wanapanga matembezi ili familia ikutane, wewe umepanga ili isikutane. Umetoka kwa baba yako huyo, aliyekuwa akipima mstari wa maharagwe kwa kamba.

Nitakuja. Maua nitayaona, na wajukuu nitawashika. Mwambie mkwe wangu avae kitu chekundu nimwone kwa mbali, nijifiche mapema. Mwambie Wayua situmii sukari.

Mama yako,
Nakhumicha


Kitengela,
15 Novemba 2025.
Asubuhi mawingu mazito, mvua haikunyesha.

Kwa Mama,

Mulembe. Umelalaje? Maumivu ya nyonga yakoje tangu Hillary akubebe kurudi nyumbani? Sisi ni wazima wa mwili.

Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nikishika kalamu nayaona yale mawe. Nitaandika nilichokiona, kisha wewe uniambie ambacho sikukiona.

Mpango wangu uliharibiwa na mvua. Tulikuwa tumefika juu ya mnara, wewe, mimi na yule dada wa Kimaasai aliyekuwa anatutembeza, Seleyian. Ulitazama bustani kutoka juu ukasema mzungu huyo lazima alikuwa mpweke, mtu mwenye majirani hapandi maua mengi hivyo. Mvua ikaanguka. Seleyian akabaki kufunga madirisha, sisi tukaanza kushuka. Kumbe Lazarus amekimbia kutoka bustanini na watoto, nao wanapanda ngazi zile zile, nyembamba, zinazojizungusha.

Ulisikia sauti yake ukavuta leso usoni. Nilikuwa nyuma yako, juu, nimebeba mkoba wako. Uliteleza. Nilichokiona ni mgongo wako ukienda, na mgongo wake. Mgongo wake, Mama. Alikuwa amegeukia ukuta. Ulipita mbavuni mwake ukaenda kuangukia kwenye jukwaa la chini, na Sydney akaruka kukupisha. Aliyekuinua ni Seleyian.

Nilimuuliza usiku ule hospitalini. Akasema, "Ningemshika wapi? Ni mama mkwe."

Huyu ndiye Lazarus ambaye Baba alipozikwa alikataa kusimama na wakwe wenzake, akasema ameokoka na mila ni mambo ya giza. Wenzake walileta ng'ombe, yeye alileta mstari wa Biblia. Leo mila imemrudia kwenye ngazi?

Simwongeleshi. Nimefungasha nguo za watoto mara mbili na kuzirudisha. Niambie ulichokiona wewe uliyekuwa umemwelekea. Alikuheshimu au alikuacha uanguke? Nitafuata neno lako.

Binti yako,
Nasike


Kimilili,
30 Novemba 2025.

Kwa Nasike,

Mulembe. Nyonga inauma usiku, mchana inavumilika. Adero ananigeuza vizuri, mikono yake ni mikubwa.

Rudisha hizo nguo kabatini. Mkwe akikutana na mama mkwe anageuka, na mkwe wangu aligeuka. Angenishika mwilini mbele ya wajukuu, aibu hiyo ningeivaa mpaka kaburini. Ni mimi niliyejifunika macho kwenye ngazi, kama mtu anayekwenda kuiba. Mambo ya ng'ombe wa baba yako yaache na baba yako.

Mwanamke hatoki nyumbani kwa sababu ya nyonga ya mama yake. Mwombe mumeo msamaha kwa kumnyamazia.

Mama yako,
Nakhumicha


Kitengela,
17 Januari 2026.
Asubuhi jua kali tangu saa moja, maji ya bomba hakuna.

Kwa Mama,

Mulembe, na heri ya mwaka mpya. Hillary ameniambia bado husimami. Sisi ni wazima, Immaculate ameng'oka jino.

Nimefanya ulivyosema. Nilimwomba Lazarus msamaha mbele ya mchungaji, kwa magoti. Alinisamehe vizuri sana, kwa maombi marefu, na mchungaji akasema ndoa yetu ni mfano.

Daktari mmoja hapa ameziona picha zako. Anasema ukifanyiwa mazoezi kila wiki kuanzia sasa, unaweza kutembea na fimbo. Kimilili mazoezi hayo hakuna. Kwa Wayua kumejaa, binti yake amerudi na watoto. Tuko na kile chumba cha nje chenye mlango wake, hata choo ni chake. Nikamuuliza Lazarus. Alikuwa anakula, hakuacha kula.

"Mama Sydney," akasema, "wewe mwenyewe ulipiga magoti ukakiri nilishika mila. Sasa unataka niivunje?"

Natafuta njia nyingine, usikate tamaa.

Binti yako,
Nasike


Kimilili,
1 Februari 2026.

Kwa Nasike,

Mulembe. Usitafute njia nyingine. Mganga wa mifupa wa hapa amesema mguu umeshaungana, umeungana vibaya.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Yale uliyoniuliza mwezi wa kumi na moja nilikujibu kama mama wa mtu aliyeolewa. Sasa nakujibu kama mtu aliyeanguka. Nilipoteleza leso ilitoka usoni. Nilinyoosha mkono, nikamwita, "Mwanangu." Ni mimi niliyevunja mila kwanza, Nasike, kwa mdomo na kwa mkono. Aliutazama mkono. Akanitazama usoni. Ndipo akageuka.

Sikutaka ulijue. Nilidhani mguu utapona na nyumba yako itabaki. Lakini kwamba ulimpigia magoti, na yeye akala mpaka akamaliza, hilo halikai tumboni.

Fanya unavyoona.

Mama yako


Kisaju,
12 Februari 2026.
Asubuhi ukungu juu ya nyasi, kisha jua la kawaida.

Kwa Mama,

Mulembe. Sitakuuliza hali, najua. Watoto wazima, mimi mzima.

Barua yako ilifika Alhamisi iliyopita. Nilisubiri jioni, Lazarus akiwa anapiga pasi shati la kazini, nikamuuliza neno moja tu: mama yangu alinyoosha mkono? Nilitaka akatae. Angekataa ningekuwa na mahali pa kusimama, ningesema mwanamke mzee amechanganyikiwa na maumivu.

Akageuza shati upande wa pili.

"Niliuona," akasema. "Nikajua nikiushika huo mkono, mwisho wake ni ahamie kwangu."

Hakupandisha sauti. Alinieleza kama mtu anayeeleza kwa nini hakununua shamba fulani. Alisema mila ikivunjwa mara moja haijengwi tena, na kwamba kila mwanaume anayejua mama mkwe wake ni mjane amewahi kufikiri hivyo, isipokuwa wengine ni wanafiki. Kisha akaniuliza kama nimeona soksi zake nyeusi. Nilimpa soksi, Mama. Mkono wangu ulizitoa kwenye droo kabla sijauambia.

Nimepanga vyumba viwili hapa Kisaju, nyuma ya soko, chini, hakuna hata kidato kimoja cha ngazi mlangoni. Watoto niko nao. Lazarus amewaambia watu wa kanisa kwamba nimetekwa na mila za mama yangu, na wengi wamemwamini, kwa sababu mchungaji alituona nikiwa nimepiga magoti mimi, si yeye.

Nawe nimekukasirikia, nisikufiche. Ulininyima neno lile wakati mguu ulikuwa bado unatibika, ili unitunzie mume. Umemtunza vizuri kuliko ulivyojitunza. Nitakuja Jumamosi na gari la Kyule, tulaze viti, tukulete. Hapa hakuna mkwe wa kumkimbia. Pengine tutakaa siku kadhaa bila kuongea, wewe kitandani na mimi jikoni, na itakuwa haki. Lakini utakula, utaogeshwa, na nitakushika kila mahali panapohitaji kushikwa.

Usimwambie Hillary apinge. Mwambie afungashe.

Watoto wamelala. Tangu Alhamisi ile nimekuwa nikiiona alfajiri bila kulala. Leo nimefunga mlango, nimezima taa ya nje, na ni saa tatu na dakika ishirini. Nalala.

Binti yako,
Nasike