Mkono Uliotulia Mbele ya Daktari

Alhamisi, jioni. Mvua ilitupiga kwenye lori tangu Muleba na gauni langu bado bichi. Nimechoka, hata kwenda kubadilisha nguo naona kazi. Naandika polepole kwa sababu mkono wa kulia unatetemeka.

Ulianza mwaka tulioacha kibanja cha baba mkwe kule Kamachumu, migomba na mibuni yote, tukahamia huku Ngenge kwenye kijiji cha ujamaa. Hatukuwa tumemaliza kuezeka nyumba binti yetu Koku aliposhikwa na homa. Nilimbeba kwenda zahanati. Akafia njiani, mikononi mwangu.

Sikulia msibani. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu.

Muda mfupi baadaye mkono ukaanza. Jembe halishikiki, kikombe kinamwagika. Mama mkwe anasema nimerogwa. Mwenyekiti wa kijiji yeye alisema shambani, mbele ya wote, "Ma Leokadia huugua siku za kazi ya pamoja tu." Watu wakacheka. Tangu siku ile naona aibu kupita kwake.

Leo nimekwenda hospitali ya misheni. Daktari, Mhaya mwenzetu mwenye sauti ya chini, alinigonga magoti kwa kinyundo, akanitazama nikinyoosha mikono. Kisha akaniambia nigonge meza kwa mkono wa kushoto nikimfuata yeye, mara haraka, mara polepole. Nilikazana kumfuata nisikosee.

"Sasa mama, tazama mkono wako wa kulia."

Ulikuwa umetulia.

Badala ya kufurahi nikaogopa. Kumbe mwenyekiti alisema kweli. Nikamwuliza daktari, "Kwa hiyo ninajifanya?"

"Hapana. Anayejifanya anajua anachofanya, wewe hujui. Mishipa yako ni mizima. Ila mtu akipata mshtuko mwili hutetemeka, na wako haujapata nafasi ya kuacha." Kisha akauliza, "Ulifiwa?"

Nikamwambia habari za Koku. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakunipa vidonge. Alisema nizoeze mkono huku akili iko kwenye jambo jingine, na nizungumze habari za mtoto na mtu aliyemjua. Alisema itachukua muda.

Niliporudi Deo, mume wangu, alikuwa jikoni anamenya ndizi, kazi ambayo wanaume wenzake wanamchekea. Tangu kisu kinishinde anaifanya yeye.

"Wamesema una nini?"

"Wamesema ni Koku."

Jina hilo lilikuwa halijatajwa humu ndani tangu tumzike. Deo akaweka kisu chini. Nilidhani atatoka nje, kama anavyofanya siku zote.

"Mimi silali," akasema. "Nikifumba macho nakuona unarudi naye barabarani."

Nilikuwa nikilala ubavuni mwake na sikujua.

Tulilia wote wawili pale jikoni, ndizi zikabaki nusu zimemenywa. Mkono ulitetemeka muda wote. Safari hii sikuuficha ndani ya kanga.

Kesho ni shamba la pamoja. Sina nguvu, lakini nitakwenda. Mwenyekiti akisema neno, sijui kama nitaweza kumweleza haya niliyoelezwa leo. Deo amesema atalima mstari wa jirani na wangu, na kama ni kujibu atajibu yeye.