Diski Niliyoiua Ina Sauti ya Marehemu

Mshauri, kabla hujafika mstari wa pili nakusihi haya yabaki siri, usitaje jina langu wala la kijiji, na hao nitakaowataja nimewapa majina mengine, maana huku Mtwara ukisema tu "karani wa ushirika, msichana, mwembamba", watu wanamalizia wenyewe.

Nina stashahada, na ni karani wa chama cha wakulima wa korosho upande wa Ziwani. Mwaka jana tulizunguka mashambani kurekodi video za wenye mikorosho, kwa sababu kwetu shamba linaweza kuwa la mtu huyu na miti iliyomo ikawa ya mwingine aliyeipanda, na ugomvi hauishi. Kamera nilishika mimi. Mzee mmoja, nimwite Twahiru, alipita mti kwa mti akigonga shina kwa fimbo: "Huu wangu. Huu wa Subira, kaupanda mwenyewe mimi nikiwa mgonjwa. Huu wa Subira. Huu nao wa Subira, shika vizuri hicho chombo mwanangu, asije mtu akamsumbua mke wangu." Miezi michache baadaye akafariki.

Video zote nilizihamishia kwenye diski ya nje, kile kiboksi cha kuchomeka kwenye kompyuta, nikazifuta kwenye kamera nipate nafasi, nakala nyingine sikuweka, na kwa kuogopa wezi nikaifungia diski kwenye stoo pekee yenye kufuli la maana, nayo ni stoo ya salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho, na mifuko mingine ilikuwa imepasuka, kwa hiyo msimu mzima diski ililala kwenye vumbi la njano huku mimi nikijisifu kwa uangalifu wangu. Mshauri, kemia nilifaulu, na salfa hula metali.

Nilipoichomeka ikawa inagonga tu, ko, ko, ko, na kompyuta haioni kitu. Mwenzangu Frank akasema, "Iweke kwenye friza, zinapona hizo." Nikaiweka chini ya samaki wa shangazi, nikaitoa ina umande, nikaichomeka papo hapo, na sasa hata kugonga haigongi.

Katibu wetu sijamwambia. Lakini anayeninyima raha ni Bi Subira, kwa sababu shemeji yake anadai miti yote, baraza la ardhi la kijiji linakaa mwisho wa mwezi, na mjane huyu tegemeo lake ni video ile. Kila akija namwambia umeme umekatika, kompyuta inasumbua, njoo Jumatatu. Juzi akatania, "Twahiru alikuwa hanyamazi hata akila, ninyi mmewezaje kumfunga mdomo?" Nikacheka naye. Nilicheka, mshauri, kisha nikaingia chooni nikalia.

Nifanye nini ipone kimyakimya? Tafadhali usipige simu ya ofisini, anapokea katibu. Nijibu hapa gazetini kwa jina la Mwenye Aibu, na ukilazimika kunitafuta, namba iko nyuma ya bahasha: ujumbe tu, jioni baada ya kazi, uanze na neno "shangazi" nijue ni wewe.

*

Mwenye Aibu,

Siri yako ninayo. Sasa kaa nikugombeze.

Diski hiyo usiichomeke tena popote. Usiifungue, usimpe Frank, na samaki wa shangazi waachwe peke yao. Kila ukiiwasha unaweza kuzidi kuikwaruza ndani. Ifunge vizuri kwenye boksi gumu, itafutiwe fundi wa kuokoa data, si yule wa kubadili vioo vya simu. Pengine itabidi iende Dar es Salaam. Aelezwe salfa, friza, umande, vyote. Huenda akapata kitu, huenda asipate, na usitegemee kujua kabla ya baraza. Wala hutaituma kwa siri: ni mali ya ushirika. Mwambie katibu kesho asubuhi, kabla hajaanza kupokea watu. Atafoka. Akishamaliza, mkumbushe kwa adabu kwamba ofisi nzima iliridhika na nakala moja.

Kwa salfa nakuonea huruma. Uliogopa wizi, ukakosea. Kwa "njoo Jumatatu" sikuonei. Yule mama alikuwa na muda wa kutafuta njia nyingine, nawe umeutafuna muda huo ukilinda sura yako.

Na kuna jambo umeliandika mwenyewe bila kulisoma. Unalia kwamba ushahidi umekufa. Nani alishika kamera? Ulisimama karibu na Twahiru, ukamsikia akitaja mti kwa mti. Kumbe shahidi yupo, anajificha chooni! Najua kwa nini hukuliwaza hilo. Ukisimama barazani, shemeji mtu ataanza na swali moja: "Na video iko wapi?" Itabidi ujibu mbele ya kijiji kizima, "Niliiharibu mimi." Jibu hivyo hivyo. Watu hawajiaibishi kiasi hicho ili waseme uongo.

Kwa hiyo nenda kwa Bi Subira, nyumbani kwake, usimwite ofisini. Usimpelekee sukari wala kanga ya kumtuliza. Mwambie video huenda imepotea kabisa, pamoja na sauti ya mumewe, umwombe radhi, umwache akuseme apendavyo. Kisha muulize nani wengine walikuwepo shambani siku ile, mwende wewe naye mlango kwa mlango kuwaomba waje barazani. Siku ya baraza fika mapema, ukae upande wake, na jina lako likiitwa, simama.