Bamba la Thelathini na Nane

Jumatatu, 4 Machi

Miaka ishirini na sita natandika sakafu, leo naambiwa mawe yangu yana ugonjwa! Mama mwenye nyumba kanyooshea kidole alama ya mzunguko kwenye bamba la tatu: fundi, umeniletea konokono sebuleni? Eti niondoe yote yenye mizunguko hadi Ijumaa, la sivyo anaita fundi mwingine — mwenye cheti. Cheti! Mimi niliyesomea kwa magoti.

Nimehesabu. Mabamba arobaini, yenye konokono thelathini na moja. Nikiyang'oa yanabaki tisa, ya upande wa jikoni.

Jumanne, 5 Machi

Nimemtumia picha mpwa wangu, mwalimu wa biolojia. Kacheka. Mjomba, huyo si konokono, ni jamaa wa pweza. Ukoo mzima ulishatoweka, kabla mtu yeyote hajakanyaga dunia. Matope ya bahari yaliwafunika, yakawa jiwe. Sentimita moja ya matope hayo, labda ilichukua miaka elfu.

Basi! Kiwandani walipasua mwamba mmoja kwa ubapa, kuanzia chini, wakaandika namba kwa chaki. Nami nimetandika kwa kufuata namba, mlangoni hadi jikoni. Bamba moja lina unene wa sentimita mbili, na yako arobaini. Yaani miaka elfu themanini — na unga uliopotea msumenoni siuhesabu. Mama anaivuka yote akienda kuchemsha maji.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimehesabu mistari ya magamba yao. Bamba la 3: mistari 14. La 12: 17. La 25: 20. La 31: 22. Wanabadilika! Si mmoja mmoja, kasema mpwa. Ni kizazi kwa kizazi, wenye mistari mingi wakiacha watoto wengi zaidi. Kwa nini? Hajui.

Kuanzia la 32, patupu. Nani kawamaliza? Usikurupuke, mjomba. Huenda walihama tu.

Alhamisi, 7 Machi

Grainda, mashine ya kukatia mawe, iko tayari. Sijaiwasha.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwaga maji kuanzia la 32, maana jiwe likilowa husema ukweli. Patupu, patupu… la 38, ukingoni — kadogo kama kifungo cha shati. Kumbe walikuwapo!

Mama kaingia. Fundi, tulikubaliana nini? Nikamwambia, mama, kabla hujanifukuza, nihesabie hii mistari. Kachutama na viatu vyake vya ofisini, majini.

Mimi nimepata 23. Yeye 24. Nasema karudia mmoja. Anasema mimi ndiye niliyeruka.

Naandika nimekaa juu ya ndoo. Mama kachukua penseli yangu nyingine. Ameanza kuhesabu upya — mlangoni, bamba la 1.